Liganga si chuma peke yake: barua ya wazi ya fundi wa kuchomelea

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini,
Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC).

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Makambako. Natengeneza mageti, madirisha, matela ya pawatila, na msimu wa harusi ukifika natengeneza hata majukwaa. Kwetu hasa ni Ludewa, kata ya Mundindi, chini ya vilima ambavyo kwenye makabrasha yenu vinaitwa Mradi wa Chuma Liganga. Jiolojia sijasoma. Chuma nimekisoma kwa mikono kwa miaka 26, na mengine nimeyapata usiku kwenye simu, nikibishana na mtoto wa dada yangu aliyesomea uchenjuaji wa madini. Kwa hiyo mkiona mahali nimesema kama mtaalamu, ni yeye. Mkiona nimesema kama mtu aliyechoka kusubiri, ni mimi.

Ombi langu nalitanguliza ili mwenye haraka asihangaike. Mkataba wowote utakaoufungua mlima ule uhesabu madini matatu: chuma, titani (metali inayotoa weupe wa rangi) na vanadi (metali inayokipa chuma nguvu), kila moja kwa jina lake, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Na ile slagi, yaani makapi yatakayotoka tanuruni, iandikwe ni mali ya nani. Mimi nasema iwe yetu.

Tulipokuwa watoto tulikuwa na sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu ya babu. Mvua ikikatika tulishuka nayo kwenye makorongo tukiwa tumeifunga kamba, tunaiburuta kwenye mchanga kama mtu anayevuta mbuzi mbishi. Ikifika mwisho wa korongo imeota ndevu. Mchanga mweusi umesimama wima, chembe juu ya chembe, ukiupangusa kwa kidole unarudi palepale. Mawe yenyewe ni meusi na mazito kupita umbo lake. Unaokota jiwe la ukubwa wa embe, mkono unadhani umeshika nyundo. Bibi alikuwa na moja la kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo, na hakuna mgeni aliyelisogeza kwa mguu akarudia.

Jiwe lile linaitwa magnetaiti. Ni chuma kilichoungana na oksijeni, na wataalamu wanaliweka kwenye ukoo wa oksidi. Ukoo huo ni mkubwa na nchi hii umeipendelea. Madini ya bati ya Kyerwa ni oksidi. Yakuti nyekundu za Longido na Winza ni oksidi ya alumini iliyotiwa rangi na kromi kidogo. Spineli za Mahenge zinazowatoa watu machozi kwenye minada ni oksidi. Hata koltani inayowatesa ndugu zetu wa Kivu ni oksidi. Na kutu pia ni oksidi, ndiyo maana fundi halihitaji darasa hili sana: ukate bomba asubuhi, uliache nje na manyunyu ya Makambako, kesho limeshaota wekundu. Chuma hakipendi kukaa peke yake. Kazi yote ya tanuru, tangu enzi za wazee, ni kukitenganisha na oksijeni kwa nguvu ya moto na kaboni, na kazi yote ya rangi ni kuwachelewesha wasirudiane.

Wazee wetu Wapangwa waliijua kazi hiyo. Wafipa waliijua kwa malungu, matanuru ya udongo marefu kupita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Sisemi haya ili tujipigie makofi. Nasema kwa sababu kila mara Liganga inapozungumzwa, tunaambiwa kama vile chuma ni jambo geni lililoletwa na mwekezaji kwenye begi.

Sasa naomba niwaingize karakana kwangu, maana hoja yangu imelala pale.

Geti likiisha kuchomelewa nalisugua kwa msasa, nalipaka redi oksaidi. Ile rangi ya udongo mwekundu ni oksidi ya chuma iliyosagwa. Jiwe la kukatia ninalofunga kwenye grainda lina herufi A pembeni, maana yake punje zake ni oksidi ya alumini, binamu maskini wa yakuti. Mteja akitaka geti jeupe, weupe ule ni oksidi ya titani. Karibu sehemu tisa katika kumi za madini ya titani yanayochimbwa duniani huishia kwenye weupe: rangi, plastiki, karatasi. Ndege na viungo bandia vya nyonga vinavyotajwa kwenye hotuba huchukua sehemu ndogo iliyobaki.

Halafu kuna vijiti. Boksi la vijiti vya kuchomelea, namba 6013, ndicho kitu ninachonunua mara nyingi kuliko unga. Kile kijivu kinachokifunika kijiti kwa nje kina rutaili ndani yake, na rutaili ni oksidi ya titani. Ndiyo inayoutuliza moto nisirukiwe na cheche usoni. Ukimaliza mshono, juu yake linabaki ganda jeusi. Subiri kidogo lipoe, utasikia tii, tii. Ganda linaanza kujikunja na kuachia lenyewe, nyundo inamalizia tu. Chini yake chuma kinang'aa, mistari imelala kama magamba ya sato. Mwanafunzi wangu mpya huwa nampa kazi ya kugonga maganda wiki nzima, na kila jioni tunayafagia na kuyatupa kwenye shimo nyuma ya karakana.

Shikeni picha hiyo ya ganda, nitairudia.

Na kuna spana. Spana nzuri imeandikwa ubavuni CHROME VANADIUM. Fundi anayeanza hudhani ni jina la kampuni. Ni chuma kilichotiwa kromi na vanadi kidogo, basi kinagoma kufunguka mdomo. Mwaka juzi nilinunua seti ya spana zenye maandishi hayohayo, namba 17 ikapanuka kama chapati siku ya kwanza kwenye nati ya tela. Duka silitaji, mwenyewe ananidai. Lakini nilijifunza kitu: neno vanadi lina thamani kiasi kwamba watu wanaliiba na kuligonga kwenye bati.

Chembe kidogo tu inatosha. Nondo inayotiwa vanadi chini ya kilo mbili kwa tani inapata nguvu ya kubeba mzigo ambao ungehitaji nondo nene zaidi. Henry Ford aliitumia kwenye gari lake la Model T mwaka 1908. Mwaka 2018 China ilipobana viwango vya nondo zake, bei ya vanadi duniani ilipaa. Na siku hizi kuna betri za vanadi, si za simu, ni matangi makubwa ya kuhifadhi umeme wa jua na upepo. Mjini Dalian, China, waliwasha moja ya megawati 100 mwaka 2022. Wanaoiuza dunia vanadi ni wachache mno: China, Urusi, Afrika Kusini, Brazili, na wengine wa kuokoteza.

Waheshimiwa, jiwe la bibi la kuzuia mlango lilikuwa na titani na vanadi ndani yake. Magnetaiti ya Liganga imebeba oksidi ya titani inayozidi asilimia 10, na oksidi ya vanadi isiyofika asilimia moja. Ninyi mnalijua hili, limo kwenye taarifa zenu. Lakini kwenye majukwaa, kwenye vichwa vya habari, hata kwenye jina la mradi, limebaki neno moja: chuma.

Tupige hesabu ya fundi, ile ya nyuma ya boksi la vijiti. Serikali imekuwa ikitaja tani milioni 126 zilizothibitishwa. Tuseme, kwa makadirio tu, kila tani ya mawe ina nusu asilimia ya oksidi ya vanadi. Hiyo ni kilo 5 kwa tani, na kwa mlima mzima ni tani 630,000. Mawe ya chuma huuzwa kwa tani, na bei imekuwa ikizungukazunguka kwenye dola 100. Oksidi ya vanadi huuzwa kwa ratili na kwa kilo, na hata miaka hii ambayo bei imelala, kilo moja imekuwa kwenye dola 10 hivi. Kilo 5 ni dola 50. Hata kama nusu itapotelea njiani, na mpwa wangu anasema itapotea, bado ndani ya kila tani ya mawe yanayoitwa ya chuma kuna robo ya bei yake ambayo kwenye ankara inaweza isionekane kabisa. Titani sijaigusa.

Hapo ndipo mrabaha, yaani ada ambayo mchimbaji anailipa serikali, unapoingia. Sheria yetu inadai asilimia 6 ya thamani ghafi kwa madini ya metali, na asilimia moja ya ukaguzi. Asilimia 6 ya nini? Kama ankara imeandikwa chuma, tutalipwa asilimia 6 ya chuma. Kama ankara imeandikwa slagi, tutalipwa asilimia 6 ya takataka.

Naieleza slagi sasa, maana wengi wanaipita. Tanuru kubwa nalo linatoa ganda, kama mshono wangu. Chuma kilichoyeyuka kinakaa chini, uchafu unaelea juu. Kwenye kijiti changu titani inafanya kazi dakika moja, ganda linaachia kwa hiari. Kwenye tanuru refu la koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, lile la kupulizwa hewa ya moto, titani inakaa saa nyingi pamoja na kaboni, na sehemu yake inageuka kitu kigumu kisichoyeyuka. Slagi inakuwa nzito kama ugali wa mtama uliosahauliwa jikoni. Haitoki. Tanuru linaziba. Hii ndiyo sababu mojawapo milima ya namna ya Liganga, na iko nchi kadhaa, ilikaa miaka mingi ikitazamwa tu.

Wachina walilishinda tatizo hilo Panzhihua, mkoani Sichuan, wakatoa chuma cha kwanza mwaka 1970. Wanyuzilandi walilishinda Glenbrook, kwa mchanga mweusi wa pwani yao, mchanga wa ndevu kama ule wetu. Na jirani zetu wa Afrika Kusini walilishinda Witbank, mji ambao sasa unaitwa eMalahleni. Hawa wa mwisho nataka tukae nao kidogo.

Njia yao ilikuwa hivi. Mawe yanachanganywa na makaa ya kawaida, si koki, yanapitishwa kwenye bomba kubwa linalozunguka kama yale ya viwanda vya saruji. Sehemu ya oksijeni inatoka humo. Kisha yanaingia tanuru la umeme, chuma kinayeyuka. Titani inabaki kwenye slagi ya kwanza. Vanadi yenyewe inafuatana na chuma, inajificha ndani yake. Basi wanakipuliza chuma hicho kwa oksijeni kikiwa bado uji, vanadi inashika oksijeni upya, inapanda juu, inaenguliwa kama utando wa maziwa. Slagi ya pili hiyo, ndogo, ndiyo dhahabu yao. Watu wale waliiheshimu kiasi cha kuiandika kwenye jina la kampuni: Highveld Steel and Vanadium. Hawakujiita kampuni ya chuma peke yake. Kampuni ilikuja kuangushwa na soko na madeni mwaka 2015, na hilo nalo ni somo, lakini kwa miongo kadhaa ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vanadi duniani.

Na slagi ya kwanza, ile yenye titani? Waliimwaga. Ikawa vilima. Ilikuwa imeshatajirika titani kuliko mawe yenyewe, kwa kuwa chuma kimetolewa, lakini wakati ule haikuwapo njia ya kuifaidi bila hasara. Leo watu wanavizunguka vilima vile wakitafuta njia hiyo.

Kwa hiyo nauliza swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye mkutano wowote wa Liganga: slagi itamwagwa wapi, na hati yake itakuwa na jina la nani? Kama mkataba umekaa kimya, atakayekuwa na tanuru ndiye atakayekuwa na vilima. Miaka 30 ijayo mtu atakuja na mtambo mpya, atauziwa vilima vile, na wajukuu zetu wa Mundindi watakuwa wanakula vumbi. Na hata leo, slagi ya pili yenye vanadi inaweza kupandishwa kwenye lori ikaandikwa slagi, ikauzwa kwa kampuni dada iliyoko ng'ambo kwa bei ya kokoto. Hakuna atakayekuwa amevunja sheria. Neno lililoandikwa litakuwa la kweli kabisa.

Hili tumeshaliona. Machi 2017 makontena ya makinikia, ule mchanga wa madini kutoka migodi ya dhahabu, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, 277. Mwezi Mei kamati ya Profesa Mruma ikasoma mbele ya Rais kilichokutwa ndani, zikatajwa metali ambazo hazikuwa kwenye hesabu za mrabaha. Kampuni ya Acacia, yenye migodi, ilizikataa tarakimu zile, na sina mizani ya kuamua nani alikuwa sahihi kwa kiasi gani. Lakini ubishi wenyewe ulitokana na nini? Na vitu vilivyo ndani ya jiwe moja kuandikwa nusu. Yakaja makubaliano, ikazaliwa Twiga, kampuni ya ubia kati ya serikali na Barrick, serikali ikapata asilimia 16, ikakubaliwa tulipwe dola milioni 300. Ule mzozo uligharimu muda, ajira na usingizi wa watu. Liganga bado haijatoa hata kontena moja. Tuna bahati ya kuandika kabla ya kubishana.

Mtasema sheria za 2017 zinatosha, zimeipa nchi mamlaka juu ya rasilimali na hisa zisizolipiwa. Zinatosha kwa mlango, hazitoshi kwa chumba. Sheria haijui kwamba Liganga ina slagi mbili. Hilo linaandikwa kwenye mkataba, kwenye jedwali, na mtu anayeshika kalamu.

Naomba pia mtuambie ni tanuru gani. Si siri ya kijeshi. Mkataba wa Septemba 2011 kati ya NDC na kampuni ya China, Sichuan Hongda, wenye mgawo wa asilimia 20 kwa NDC na 80 kwa Hongda na mtaji uliotajwa wa dola bilioni 3, ulikuja na makaa ya Mchuchuma na kituo cha umeme cha megawati 600 ndani yake. Wakati ule tulikuwa na sababu: mgao wa umeme ulikuwa unanikuta na geti la mteja nusu limeungwa, nusu limefungwa kwa waya. Sasa Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya megawati 2,115, na njia ya kilovolti 220 kutoka hapa Makambako kwenda Songea imepita Madaba, si mbali na kwetu. Hesabu ya tanuru la umeme imebadilika. Kama mazungumzo yanaendelea juu ya karatasi za 2011, mtakuwa mnapima suti ya bwana harusi aliyekwisha kunenepa. Titani na vanadi zinapatikana au zinapotea kwa kuchagua tanuru. Ukikosea hapo, jedwali zuri la mkataba halitasaidia, maana huwezi kudai mrabaha wa kitu kilichoganda ukutani.

Sitaki kuonekana nasema tusubiri mpaka kila kitu kiwe kamili. Kusubiri tumekujua. Mlima ule umejulikana tangu enzi za Mjerumani. Baba yangu aliambiwa kiwanda kinakuja, akapanda mikaratusi michache badala ya mingi, kwa kuwa ardhi ingechukuliwa. Baada ya tathmini watu walikaa miaka hawajui wajenge au wasijenge. Nyumba zilikuwa zinavuja na mwenye nyumba anaogopa kununua bati. Fidia ya shilingi bilioni 15.4 ilianza kutoka mwaka 2023, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo mweupe, nimeona kwa macho yangu nyumba zilizoezekwa kwa fedha ile. Barabara ya zege ya Lusitu hadi Mawengi nayo si haba. Safari ya kwenda kwenye msiba nyumbani sasa hairarui viatu vya gari. Kwa hiyo anzeni. Anzeni na chuma na vanadi, ambavyo dunia inajua kuvitenganisha tangu nikiwa sijazaliwa. Titani ya slagi ikishindikana kwa sasa, ilimbikizwe mahali pake, isichanganywe na takataka nyingine, ipimwe, iwekwe kwenye daftari la mali za Taifa kama mnavyoweka majengo. Haiozi.

Kuna atakayesema mwekezaji atakimbia akibanwa hivyo. Mwekezaji wa kutoka Sichuan anaijua vanadi kuliko mtu yeyote. Panzhihua iko mkoani kwao. Hakuja Ludewa akidhani ni mlima wa chuma tu. Kwenye meza ile, anayeshangaa kusikia neno vanadi akiwepo, atakuwa wa upande wetu.

Jambo la vipimo ni dogo, nalitaja upesi. Tume ya Madini na maabara ya GST, taasisi ya jiolojia ya Taifa iliyoko Dodoma, wachukue sampuli ya kila shehena, ya mawe, ya chuma na ya slagi zote mbili, na majibu yabandikwe mahali ambapo mtu wa kata ya Mundindi anaweza kuyasoma. Wakenya walichimba titani ya Kwale kwa zaidi ya miaka 10, shehena ya kwanza ikaondoka Likoni Februari 2014, uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Mchanga ule uliondoka ukiwa mchanga. Nadhani rangi nyeupe bado wanainunua kwa bei ileile ninayonunua mimi.

Na vijana. Mnapotaja ajira, mnataja maelfu. Mimi nawajua kwa majina vijana saba waliopita karakana kwangu wakitokea Ludewa, wanachomelea vizuri, hakuna hata mmoja anayejua kwamba ganda analoligonga lina titani. Mafunzo ya VETA yanaweza kuanza kabla ya tanuru. Kiwanda cha vijiti vya kuchomelea kinahitaji waya wa chuma na unga wa rutaili, na siku slagi ile itakaposafishika, vyote viwili vitakuwa vinatoka kwenye mlima mmoja. Labda hapa naota. Lakini naota nikiwa na boksi tupu la vijiti mkononi, na bei yake imepanda tena Jumatatu.

Mkija Mundindi kwa mkutano, kama ilivyo desturi yenu kabla ya kusaini jambo kubwa, nawaomba mje na ukurasa mmoja tu wa mkataba: ule wenye jedwali la madini. Uwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria za nchi hii, kwa hiyo si upendeleo. Usomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, jina la madini, kipimo, bei inayotokana na soko gani, na mwenye mali. Watu wa kwetu ni wapole na baridi imewazoesha kukaa kimya, lakini hesabu wanazijua. Wanauza viazi kwa lumbesa, na wanajua kinachotokea mtu akikuhesabia gunia wakati wewe umefunga gunia na nusu.

Ile sumaku ya spika bado ninayo. Iko kwenye droo ya karakana, imeshika nati na vichwa vya misumari. Siku hiyo nitakuja nayo, tushuke wote kwenye korongo kabla ya mkutano kuanza.

Wenu,
Fundi wa kuchomelea,
Makambako, mkoa wa Njombe.